Maji yakikauka tumboni, mapafu ya mtoto yanakwamaje?

MkungaZamu

Wakuu, salaam. Naomba mwenye ujuzi wa ukuaji wa mimba anifafanulie jambo moja.

Mimi ni mkunga. Kuna mama mwenye mimba ya wiki kama ishirini, amepimwa utrasaundi wakakuta maji ya uzazi karibu hayapo. Ameambiwa figo za mtoto hazifanyi kazi, na kwamba hofu kubwa kuliko zote ni mapafu. Alipotoka aliniuliza: "Ugonjwa uko kwenye figo, mapafu yameingiaje? Na mtoto wa tumboni si hapumui?"

Mfuatano wenyewe ninaujua, ndivyo tulivyofundishwa: kuanzia katikati ya mimba maji mengi ni mkojo wa mtoto, figo zikigoma maji yanakauka, mapafu yanabaki madogo. Ninachokosa ni kiungo cha katikati. Maji yale si lishe ya mapafu. Kama jeni za mapafu ni nzima, kwa nini mapafu yasijijenge? Wengine wananijibu "ni kubanwa tu". Sawa, lakini kubanwa kunaiambiaje seli igawanyike au isigawanyike?

Nielezeni kwa kina. Lugha ya kumwambia mama nitaitafuta mwenyewe.

Hadubini

Dada Mkunga, nafanya utafiti wa viinitete vya kuku, na swali lako ndilo linaloniamsha asubuhi. Nitaandika kirefu, univumilie.

Kwanza, mwambie mama kwamba mtoto anapumua. Kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinaanza kupanda na kushuka mwishoni mwa miezi mitatu ya kwanza, kwa vipindi vipindi. Kinachoingia na kutoka ni maji badala ya hewa, lakini misuli inafanya kazi ileile, na kila pumzi inaivuta tishu ya mapafu kisha kuiachia.

Pili, mapafu ya kijusi yamejaa kimiminika chake chenyewe. Seli za ukuta wa njia za hewa zinasukuma chumvi kuelekea ndani, maji yanaifuata. Zoloto, yaani mlango wa juu wa njia ya hewa, imebana, hivyo kimiminika kinatoka kwa shida, na shinikizo ndani ya mapafu linabaki juu kidogo kuliko la maji yanayomzunguka mtoto. Yaani mapafu yanakua yakiwa yametunishwa muda wote. Yaondoe maji ya nje, mizani yote inavunjika: mtoto anajikunja, ukuta wa mfuko wa uzazi unambana kifua, kimiminika cha ndani kinavuja kirahisi, mapafu yanasinyaa. Njia za hewa zinagawanyika mara chache, vifuko vya hewa vinakuwa haba.

Tunajuaje kwamba ni shinikizo na si kitu kingine? Kwa sababu kinyume chake pia ni kweli. Koromeo la kijusi likiziba, kimiminika kinakosa pa kutokea, na mapafu yanakua kupita kiasi. Wapasuaji wa vijusi wamelichukua hilo wakalifanya tiba. Kuna watoto ambao kiwambo chao kina tundu, matumbo yanapanda kifuani na kuyanyima mapafu nafasi. Kwa wale walioathirika vibaya, kipuvu kidogo kinapitishwa mdomoni mwa kijusi hadi kwenye bomba la hewa chini ya koromeo kati ya wiki ya 27 na 29, kinajazwa, kisha kinatolewa karibu na wiki ya 34. Jaribio la kimataifa lililochapishwa 2021 lilionyesha kwamba asilimia 40 ya waliowekewa walitoka hospitali wakiwa hai, dhidi ya asilimia 15 ya wasiowekewa. Hakuna jeni iliyoguswa, hakuna homoni iliyochomwa. Kimiminika kimezuiwa kutoka, mapafu yakakua.

Sasa nije kwenye kiungo chako cha katikati. Seli si kifuko laini kinachosubiri amri. Ndani yake kuna wavu wa nyuzi za aktini, na juu ya nyuzi hizo kuna mashine ndogo za mayosini zinazozivuta bila kupumzika. Wavu huo umefungwa kwa seli jirani kwa protini ziitwazo kaderini, na kwenye sakafu ya tishu kwa integrini. Ukiivuta tishu, mvuto unasafiri kwenye vifungo hivyo hadi kwenye kiini cha seli. Kwenye utando wa seli kuna milango inayofunguka utando unapotanuliwa, ikaingiza kalsiamu. Miwili kati ya hiyo, Piezo1 na Piezo2, iligunduliwa 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian, aliyepewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Halafu kuna protini iitwayo YAP. Seli ikiwa imebanwa, YAP inazuiwa nje ya kiini. Seli ikitanuka, inaingia kiinini na kuwasha jeni za ukuaji. Hapo ndipo kubanwa kunapogeuka habari ambayo seli inaweza kuisoma.

Kwa panya jambo hili limeonekana kwenye mapafu kabisa. Seli za vifuko zinazotanuliwa na kimiminika zinalala bapa na kuwa zile nyembamba ambazo hewa itapita baadaye. Zinazoepuka mtanuko zinabaki nene na kutengeneza ute unaozuia vifuko visigandamane. Mkipunguza mvuto, aina ya kwanza inapungua. Fikiria: mzigo ambao seli imeubeba ndio umeamua itakuwa seli ya namna gani.

Na sakafu nayo ina neno. Mwaka 2006 kundi la Dennis Discher liliweka seli shina za uboho juu ya jeli za ugumu tofauti, vyakula vilevile. Kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), zilianza kufanana na seli za neva. Kwenye ugumu wa msuli, kilopaskali 8 hadi 17, zikaelekea kuwa misuli. Kwenye jeli ngumu zaidi, 25 hadi 40, zikaelekea mfupa.

Niongeze moja ambalo nimeliona kwa macho yangu, maana bila hilo nisingeamini mambo haya kwa moyo wote. Utumbo wa kifaranga, kama siku ya 12 ndani ya yai, umejikunja vitanzi vya ukubwa unaokaribiana, vimepangika vizuri. Umeshikiliwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Chini ya hadubini unaona mishipa ya damu ikitawanyika ndani yake hadi kwenye kila kitanzi. Chukua mkasi mdogo, kata taratibu pale utando unapoungana na utumbo. Kabla hujamaliza, utumbo unaanza kujinyoosha, kitanzi kimoja baada ya kingine, mpaka unalala umenyooka. Utando nao unajikusanya na kuwa mdogo. Kumbe utumbo ulikuwa unakua haraka kuliko utando, utando ukawa umevutika, na vitanzi ndiyo njia pekee ya viwili hivyo kuishi pamoja. Mwaka 2011 kundi la Clifford Tabin na L. Mahadevan lilishona mpira wa mrija kwenye karatasi ya mpira iliyovutwa, wakaiachia, vikatokea vitanzi vya namna ileile. Kwa kupima unene, ugumu na kasi ya ukuaji peke yake waliweza kutabiri idadi na ukubwa wa vitanzi vya kifaranga.

Kwa hiyo, unaposema "jeni za mapafu ni nzima", mimi najibu: jeni hazina mahali zilipoandika umbo. Zinaandika nani akue kwa kasi gani, awe mgumu kiasi gani, ashikane na nani, avute upande upi. Umbo linatokea vitu hivyo vinapokutana. Mapafu yasiyo na kimiminika cha kuyatunisha yana jeni zote na bado hayana cha kushindana nacho.

FundiMihimili

Hadubini, shukrani kwa somo. Mimi ni mhandisi wa majengo na hicho kisa cha utumbo nimekitambua mara moja. Nguzo nyembamba ukiibana kichwani, inavumilia hadi kiwango fulani, halafu inapinda ghafla. Urefu wa mawimbi ya mpindo hauchaguliwi na mtu: unatokana na unene wa kitu na tofauti ya ugumu kati yake na kile kinachokishikilia. Tunakokotoa hesabu hiyo kila siku ili jengo lisifike huko. Hapa mwili unafika huko makusudi ukapata umbo!

Swali langu: makunyanzi ya ubongo nayo ni hesabu hiyohiyo?

Hadubini

Fundi, kwa sehemu kubwa ndiyo. Ubongo wa kijusi cha binadamu unakuwa karibu laini, bila makunyanzi, hadi nusu ya mimba, kisha tabaka la nje linakua haraka kuliko lililo chini yake. Mwaka 2016 kundi la Tuomas Tallinen lilichukua picha ya sumaku (MRI) ya ubongo laini wa kijusi, wakatengeneza mfano wa jeli wenye tabaka la nje linalonyonya kiyeyusho, wakautumbukiza. Tabaka la nje likavimba, likakosa pa kwenda, likakunjamana, na mikunjo mikubwa ikaelekea kule inakoelekea kwenye ubongo halisi.

Hesabu yako ya unene inajitokeza hata kwenye ugonjwa. Kuna watoto ambao seli za neva zimeshindwa kusafiri hadi mahali pake, tabaka la nje likawa nene kuliko kawaida. Ubongo wao una mikunjo michache mipana, au hauna kabisa. Tabaka nene hukunjika kwa mawimbi marefu, kama ulivyosema.

MwalimuWaJeni

Ndugu zangu, nimefundisha jenetiki muda mrefu na naomba tusiipeleke mbali mno hoja hii. Herufi moja ikikosewa kwenye jeni moja, moyo unaweza kuhamia kulia. Hiyo ni nguvu ya jeni, si ya msukumo. Mnaposema "jeni hazina umbo" mwanafunzi ataelewa kwamba jeni ni kitu cha pembeni.

Hadubini

Mwalimu, heshima kwako, na nimefurahi umetaja moyo kuhamia kulia, kwa sababu hakuna mfano mzuri zaidi wa jinsi viwili hivi vinavyofanya kazi pamoja.

Kiinitete cha panya kikiwa na siku kama nane hakina kushoto wala kulia. Kina kichwa, mkia, mgongo na tumbo. Kwenye mstari wa katikati kuna kishimo kidogo kilichojaa maji, na ndani yake silia, yaani vinyweleo vidogo mno vya seli, zinazozunguka kama mara 10 kwa sekunde, zote kwa upande mmoja. Silia zimeinama kuelekea mkiani. Kwa hiyo nusu ya mzunguko inapita juu, mbali na sakafu, ikisukuma maji kwa nguvu. Nusu nyingine inakwaruza karibu na sakafu, ambako maji yamenata na hayasogei sana. Matokeo: maji yote ya kishimo yanatiririka kushoto. Kijito hicho ndicho kinachowasha jeni za upande wa kushoto, na kuanzia hapo moyo, ini na wengu vinajua pa kukaa.

Sasa jeni yako. Inatengeneza sehemu ya mota inayozungusha silia. Ikiharibika, silia zinasimama, kijito hakipo, na upande unachaguliwa kwa bahati. Ndiyo maana takriban nusu ya watu wenye kasoro ya aina hiyo wana moyo kulia, na nusu wana moyo mahali pake ingawa jeni yao imeharibika vilevile. Björn Afzelius aliona mota hizo zimekosekana kwa wagonjwa hao mwaka 1976, miaka mingi kabla kijito hakijaonekana. Kijito kilionyeshwa 1998 na kundi la Nobutaka Hirokawa huko Japani.

Na sehemu inayonigusa zaidi ni ya 2002. Shigenori Nonaka na wenzake waliweka viinitete vya panya kwenye chombo ambamo wao wenyewe walisukuma maji. Waliposukuma kwenda kulia kwa kasi ya kutosha, viinitete vizima vikapinduka pande. Kisha wakachukua vyenye silia zisizotembea, wakavisukumia maji kwa upande wautakao, na vikafuata upande wa maji. Jeni bado imeharibika, lakini msukumo umefanya kazi ambayo jeni ilipaswa kuiwezesha. Sisemi jeni ni kitu cha pembeni, Mwalimu. Nasema mkono wake unafika kwenye umbo kwa kupitia maji yanayosogea.

Na njia inarudi pia. Emmanuel Farge, 2003, alikibana kiinitete cha nzi wa matunda kwa upole. Jeni iitwayo Twist, ambayo kwa kawaida huwaka tumboni tu, ikawaka hata mgongoni.

TibaViungo

Naongezea kutoka upande wangu, natibu watoto kwa mazoezi ya viungo. Watoto wanaozaliwa baada ya maji kukauka mapema, pamoja na mapafu, wengi wao wanakuja na nyayo zimepinda kwa ndani na viungo vimekakamaa. Mwendo nao ni nguvu. Kifaranga akipoozwa ndani ya yai kwa dawa inayolegeza misuli, viungo vyake havitengani vizuri. Nafasi ya kati ya mifupa miwili inaweza kuziba kabisa na mifupa ikaungana. Yaani goti linachongwa na mateke.

Namwambia kila mzazi mwenye mtoto wa nyayo zilizopinda: tishu ile bado inasikia. Njia ya Ponseti inafanya nini? Unaunyoosha mguu kidogo kwa mkono, unaufunga plasta, wiki inayofuata unafungua na kuunyoosha kidogo tena. Kano na gegedu vinajipanga upya kufuata mvuto. Ukimshika mtoto wa wiki mbili mguuni, unasikia chini ya kidole gumba mfupa mdogo ukianza kurudi mahali pake, na wiki inayofuata umerudi zaidi. Msicheleweshe watoto hawa, tafadhali.

MkungaZamu

Nimesoma yote mara mbili. Nashukuru sana, hasa hilo la kimiminika cha ndani ya mapafu na zoloto, ndilo kiungo nilichokuwa nakikosa.

Maswali mawili ya haraka. Mgongo wazi nao ni habari ya nguvu? Na la pili ndilo kubwa, kwa sababu najua mama ataniuliza: kama tatizo ni maji kukosekana, kwa nini wasiyarudishe tu kwa sindano?

Hadubini

La mgongo wazi: ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Uti wa mgongo huanza kama karatasi bapa ya seli. Seli za mstari wa katikati zinabana vichwa vyao kwa aktini na mayosini, kama mdomo wa mfuko unavyobanwa ukivuta uzi wake, karatasi inapinda, kingo zinainuka na kukutana. Wakati huohuo seli zinapenyana kuelekea katikati ili karatasi iwe ndefu na nyembamba. Kazi yote hiyo inakuwa imekwisha siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Kingo zikiwa mbali mno au mvuto ukiwa hafifu, mrija haufungi. Foliki asidi husaidia seli kupata malighafi ya kugawanyika kwa wakati, na ndiyo maana inabidi iwe mwilini kabla mama hajajua ana mimba.

La pili, limejaribiwa. Marekani ulifanyika utafiti kwa mimba ambazo mtoto hakuwa na figo hata moja, hali ambayo bila msaada karibu wote hufa mara baada ya kuzaliwa kwa sababu ya mapafu. Kabla ya wiki ya 26 akina mama walianza kuongezewa kwa sindano maji yenye chumvi ndani ya mfuko wa uzazi, tena na tena hadi karibu na kujifungua. Matokeo yalichapishwa 2023. Kati ya watoto 17 waliozaliwa hai, 14 waliishi angalau siku 14 na kuwekewa mrija wa kuanza kusafishwa damu. Maana yake mapafu yao yaliweza kubeba hewa. Maji ya chumvi tu, yasiyotoka kwenye figo yoyote, yaliyashikilia mapafu yakakua.

Lakini usimpe mama nusu ya habari. Ni 6 tu kati ya hao 17 waliofika kutoka hospitali wakiwa hai. Wengi walizaliwa kabla ya wakati, na mtoto asiye na figo anahitaji kusafishwa damu tangu siku zake za mwanzo hadi awe mkubwa wa kutosha kupandikizwa figo, kazi ngumu mno kwa mwili mdogo hivyo. Sindano zenyewe zinaweza kupasua chupa mapema au kuleta maambukizi.

Kwa hiyo kabla ya mazungumzo mengine kuna mambo ya kuuliza kliniki: figo hazipo kabisa, au zipo lakini njia ya mkojo imeziba? Kama ni kuziba, kibofu kitaonekana kimejaa kwenye utrasaundi, na hiyo ni hali nyingine yenye hatua zake. Maji yalianza kupungua wiki gani? Kadiri yalivyoanza kupungua mapema, kabla ya wiki ya 22 au 24, ndivyo mapafu yanavyokuwa yameathirika zaidi. Na je, kifua kimepimwa upana wake? Mpeleke kwa mtaalamu wa mimba zenye hatari wiki hii, usingoje kliniki ijayo.

MkungaZamu

Kibofu hakikutajwa kwenye karatasi ya majibu. Nampigia simu sasa hivi.